Ile dawa ya mifupa usiitupe kwanza

Donholm, Nairobi

Mpendwa Mama Amani,

Ujumbe wako nimeusoma nikaona heri nikuandikie. Kwenye simu tungeanza na watoto, tukaja kwa wajukuu, na salio lingeisha kabla hatujalifikia jambo lenyewe. Ninakuomba ile pakiti ya alendroneti usiitupe. Iache kabatini, soma haya, kisha ukae na daktari wako muamue.

Unasema jirani alikuonyesha picha ya taya lililooza, na tangu hapo dawa hujaigusa. Sitakwambia kwamba ni uongo. Madhara hayo yapo. Ila wengi wanaopatwa nayo ni wagonjwa wa saratani, ambao hupewa dawa za jamii hiyo kwa dozi kubwa zaidi na mara nyingi zaidi. Kwa anayemeza kidonge kwa ajili ya osteoporosisi, yaani mifupa iliyodhoofika hadi kuvunjika kwa urahisi, makadirio huwa kati ya mtu 1 kwa 10,000 na mtu 1 kwa 100,000 kila mwaka. Hatari hiyo hupanda kama meno ni mabovu au kama unang'olewa jino ukiwa tayari kwenye dawa. Kwa hiyo lile gego linalokusumbua litangulie. Nenda kwa daktari wa meno, ling'olewe kama ni la kung'olewa, kidonda kipone, ndipo uanze. Mifupa haitakuharibikia kwa kungoja wiki chache. (Nami ninaona daktari yeyote anayeandika dawa hii bila kuuliza habari za meno amefanya nusu ya kazi.)

Sasa tazama ambacho jirani hakukuonyesha. Wewe uliteleza ukiwa umesimama wima sakafuni kwako, na kifundo cha mkono kikavunjika. Kipimo cha uzito wa mifupa ya uti wa mgongo kimetoka -2.9; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo mfupa ulivyo dhaifu, na madaktari huanza kuita osteoporosisi pale -2.5. Aliyekwisha kuvunjika mfupa kwa anguko dogo namna hiyo yuko karibu zaidi kuvunjika mwingine kuliko mwenzake wa rika moja ambaye hajavunjika. Na nyonga si mkono, Mama Amani. Ulikuja kumwona mama yangu, ukaona jinsi mwanamke aliyekuwa akitembea mwenyewe hadi kanisani alivyogeuzwa kitandani kama mtoto. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 5 wanaovunjika nyonga uzeeni hufariki ndani ya mwaka, na wengi wanaobaki hawaurudii mwendo wao wa zamani. Hilo ndilo ninaloliweka mizanini mkabala na ile picha ya taya.

Halafu ukiambiwa dawa inapunguza mivunjiko kwa nusu, uliza ni nusu ya ngapi. Kuna utafiti uliotolewa mwaka 1996, wa wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na pingili za mgongo zilizovunjika. Walifuatwa kwa takriban miaka 3. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, 22 walivunjika nyonga. Waliomeza alendroneti, 11. Ni nusu kweli, lakini pia ni kutoka kama 2 kwa mia hadi 1 kwa mia. Kwenye mgongo faida ilionekana zaidi: mivunjiko mipya ilishuka kutoka 15 kwa mia hadi 8. Kwa mwanamke wa miaka 52 ambaye mifupa yake imepungua kidogo tu, faida hiyo inaweza kuwa ndogo mno, hata mimi ningemwambia angoje. Kwako wewe, kwa umri wetu na mkono ule, naona faida inazidi.

Liko pia suala la paja, ambalo jirani akilipata atakuletea nalo. Dawa hizi hupunguza kasi ya chembe zinazobomoa mfupa wa zamani, na zikitumiwa miaka mingi, mfupa wa paja mara chache huweza kupasuka wenyewe. Watafiti wa California walipiga hesabu: wanawake Wazungu 10,000 wakitumia kwa miaka 3, nyonga 149 huokolewa, na paja hupasuka kwa 2. Kwa wenye asili ya Asia ilikuwa 91 kwa 8. Unaona mizani inavyobadilika hata kati yao, basi siwezi kukuahidi tarakimu hizo kwa mama wa Voi. Ninachokuomba ni hiki: maumivu ya paja au kinena yasiyoisha usiyaite uchovu, yapeleke hospitali. Na dawa si ya maisha yote. Baada ya miaka 5 hivi daktari hupima upya, na asiye katika hatari kubwa huweza kupumzishwa.

Kuhusu sindano ya kila miezi 6, ile denosumabu, hapa ninakusihi uwe mwangalifu. Ni dawa yenye nguvu, na inawafaa watu wengi, hasa wenye shida ya figo, mradi kalsiamu yao iangaliwe kwa makini. Lakini haivumilii kuchelewa. Ukiikatisha, mfupa uliojengeka huporomoka haraka, na wako waliovunjika pingili kadhaa za mgongo kwa mfululizo. Anayeacha lazima ahamishiwe dawa nyingine. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza jiulize pesa ya ile ya tatu na ya nne itatoka wapi, na kama dawa itapatikana huko. Kwa sisi tunaongoja pensheni na zamu ya chama, mimi nisingeianza bila jibu la uhakika.

Kidonge nacho kina masharti. Mara moja kwa wiki, asubuhi, tumbo likiwa tupu, na glasi nzima ya maji matupu. Kisha nusu saa usilale, usile, wala usinywe chai. Chai yetu ya maziwa ndiyo mtego mkubwa, kwa sababu kalsiamu iliyomo huizuia dawa kuingia mwilini. Usipokaa wima kidonge hukwaruza umio, na wewe kiungulia unakijua. Kikikushinda, uliza kuhusu dripu ya asidi ya zoledroniki, ambayo ni mara moja kwa mwaka. Ya kwanza huweza kukupa homa na maumivu ya mwili kwa siku mbili tatu, kisha yakapita. Kabla ya yoyote kati ya hizo, figo, kalsiamu na vitamini D zipimwe.

Supu ya mifupa uinywe kwa utamu wake. Kalsiamu yake ni kidogo. Omena wanaoliwa na miiba yao, maziwa na sukuma wiki vina zaidi, ingawa havichukui nafasi ya dawa. Na lile zulia linaloteleza mlangoni litoe leo.

Nijulishe daktari wa meno atasemaje na majibu ya figo yakitoka. Ukitaka kuonwa na daktari mwingine huku Nairobi, panda treni hapo Voi, nami nitakungoja Syokimau na twende pamoja.

Msalimie Baba Amani.

Rafiki yako,
Mama Neema