"I cooked" au "I was cooking"? Someni kabla ya zoezi la leo

Habari za asubuhi, wapendwa. Kabla ya zoezi la saa 2 usiku, someni hili taratibu.

"Nilipika" ni "I cooked": tendo limekwisha. "Nilikuwa napika" ni "I was cooking": tendo lilikuwa katikati. Mara nyingi yote mawili hukutana katika sentensi moja: "I was cooking when the power went out." Kupika kulikuwa kunaendelea, umeme ukakatika ghafla. Ukiandika "I cooked when the power went out", maana inageuka: umeme ulikatika, ndipo ukapika.

Tunapoteleza zaidi ni hapa: si kila "nilikuwa na-" inakuwa "was" na "-ing". "Nilikuwa najua" ni "I knew", kamwe si "I was knowing". Ndivyo ilivyo kwa want, need, believe, na have ya kumiliki kitu. Tena "nilikuwa naenda sokoni kila Jumamosi" ni mazoea, kwa hiyo andika "I used to go" au "I went". Kiswahili kinabeba maana zote hizo kwa umbo moja, Kiingereza kinazitenganisha.

Kwenye kukanusha, "didn't" tayari imebeba wakati uliopita. Kitenzi kinabaki shina: "I didn't go", si "I didn't went".

Leo kila mmoja atume sentensi 3: ya when, ya while, na ya kukanusha. Tafadhali andikeni, msitume sauti, tunataka kuona tahajia pia. "Stopped" ina p mbili.