Mkiisifia La question mtajeni na Tuca

Mhariri,

Ukurasa wenu wa muziki nausoma kila ukitoka, na ile makala ya mwimbaji wa Kifaransa Françoise Hardy niliipenda, mmeeleza vizuri alivyovuma mwaka 1962 na wimbo wa Tous les garçons et les filles akiwa binti wa miaka 18 tu. Ila mlipofika kwenye albamu ya La question ya 1971 mkapita kwa sentensi moja, eti ni albamu ya huzuni yenye ladha ya Kibrazil, basi, mkaenda zenu. Hiyo ladha ilikuwa na mwenyewe jamani, na mwenyewe alikuwa anaitwa Tuca.

Tuca alikuwa mwanamke wa São Paulo, Brazil, anapiga gitaa, anaimba na anatunga, na kwao alikuwa anajulikana kabisa, maana mwaka 1966 yeye na Airto Moreira ndio walioimba Porta-Estandarte na ule wimbo ukashinda tamasha la televisheni kule Brazil. Baadaye akahamia Paris akawa anaimba kwenye mgahawa wa Kibrazil. Kipindi hicho Brazil ilikuwa chini ya wanajeshi tangu 1964 na wanamuziki kibao walikuwa wametawanyika Ulaya, hata mwimbaji Nara Leão alikuwepo hapohapo Paris, na kwenye albamu yake ya Dez anos depois, ya mwaka uleule 1971, gitaa ni la Tuca. Yaani mtu mmoja mkono wake upo kwenye albamu mbili za namna hiyo halafu watu wanaandika kana kwamba hakuwepo!

Wafaransa kupenda muziki wa Brazil lilikuwa jambo la zamani, filamu ya Marcel Camus, Orfeu Negro, ilishinda Cannes mwaka 1959 na baada ya hapo kila mtu akataka bossa nova, ile samba ya taratibu ya gitaa na sauti ya upole. Lakini angalieni walivyokuwa wanafanya. Mwimbaji Pierre Barouh alichukua samba ya Wabrazil wawili, mpiga gitaa Baden Powell na mshairi Vinicius de Moraes, akaiwekea maneno ya Kifaransa, ndiyo ile iliyomo kwenye filamu ya Un homme et une femme ya 1966. Claude Nougaro akaichukua Berimbau ya Baden Powell huyohuyo ikawa Bidonville. Georges Moustaki naye, 1973, akaichukua Águas de março ya Mbrazil Tom Jobim. Ni kazi nzuri zote na sizibezi hata kidogo, ila ni wimbo uliokwisha kutungwa kule unavalishwa lugha ya huku.

La question haiko hivyo, na hapa ndipo naomba mnielewe. Humo wimbo uliochukuliwa Brazil ni ule wa mwisho, Rêve, ambao asili yake ni wa mwanamuziki wa huko, Taiguara, lakini sehemu kubwa ya nyimbo zile 12 muziki wake ameutunga Tuca, ameutunga kwa ajili ya sauti ya Hardy, sauti ndogo, ya karibu, haina nguvu ya kupambana na okestra kubwa, na walikaa wakafanya mazoezi pamoja mpaka nyimbo zikamkaa vizuri kabla ya kurekodi. Sikilizeni wimbo wenyewe wa La question. Ngoma karibu hamna, ni gitaa la nyuzi za nailoni, kidole gumba kinatembeza sauti ya chini bila haraka na vile vingine vinadonoa juu, mara vinawahi pigo mara vinachelewa, besi la Guy Pedersen liko chini kabisa, na vayolini zinaingia pale tu zinapohitajika halafu zinaondoka. Hardy anaimba kama mtu anayeongea na mtu mmoja chumbani, na hiyo ndiyo shule ya João Gilberto, mwimbaji wa bossa nova, kuimba kwa sauti ya chini bila kutetemesha koo, lakini maneno ni ya chanson hasa, yaani nyimbo za Kifaransa zinazobebwa na maneno, mwanamke anamuuliza mwanaume maswali na jibu hapati. Kuna hata Chanson d'O ambao maneno karibu hauna, anaguna na kuvuta pumzi tu, na mimi naona ule peke yake unatosha kuonyesha jinsi alivyomwamini Tuca, maana mwimbaji wa Kifaransa ukimvua maneno umemvua karibu kila kitu.

Albamu haikuuza. Mashabiki walitaka Hardy wa zamani. Yeye mwenyewe lakini aliendelea kuihesabu kati ya kazi zake alizozipenda zaidi, na leo inasifiwa kila mahali, sifa zote zinaenda kwa mmoja. Tuca alifariki 1978 akiwa na miaka 33, hakuishi kuziona hizo sifa. Hardy naye katutoka Juni 2024, miaka 80, na rambirambi nyingi nilizosoma zimeitaja La question bila kumtaja aliyeitunga, sasa mtu anayeisikia leo kwa mara ya kwanza atajuaje?

Ombi langu ni hili, mtafutieni Tuca nafasi yake pale kwenye ukurasa wa muziki, makala nzima, picha yake iwepo, na mwandishi wenu aisikilize pia ile albamu yake mwenyewe ya 1974, Drácula I Love You, ambayo ina vituko na makelele ambayo kwenye La question hayapo kabisa. Nitalinunua gazeti hilo nakala mbili, moja ya kuweka.

Msomaji wenu