Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: hii dawa ya miguu inanisaidia au nimeizoea tu?

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Kama nimekuzidi umri basi imeze kimya kimya tuendelee, sisi watu wa sokoni hatujui kuandika barua za serikali zile za yah na kumb namba.

Mi ni fundi cherehani, niko Mwanjelwa, mwaka wa 22 huu nakanyaga cherehani ya miguu. Nina sukari tangu 2016, na miguu ilianza kuwaka 2020. Siandiki kulalamika kwamba dawa hakuna, wa kulalamika hivyo wapo wengi na wana haki yao. Mimi dawa nimepata, nimezimeza mpaka nimechoka, na nina swali moja ambalo kila nikiliuliza dirishani naonekana mkorofi. Nani anajua kama hizi dawa zinanisaidia? Maana mimi mwenyewe nilikuwa sijui, na walioniandikia hawajawahi kuniuliza.

Kwa ambaye hajayapata haya maumivu ngoja nieleze kidogo, hata mume wangu ilimchukua mwaka mzima kuelewa. Mguu unawaka kama umekanyaga makaa, ukiushika kwa mkono ni wa baridi. Alafu zinakuja sindano, moja moja, sehemu ambayo hujaitegemea, alafu kuna sisimizi wanatembea ndani ya ngozi na huwezi kuwakung'uta. Mchana nikiwa na wateja inakuwa afadhali, nikipanda kitandani ndo kama mtu kawasha tanuri. Juni na Julai hapa Mbeya unajua baridi yake, watu wanalala na soksi mbili na blanketi zito, mi miguu iko nje ya blanketi kwasababu shuka likigusa tu nyayo naruka. Nimeolewa Unyakyusa, mama mkwe akinipigia asubuhi kutoka Tukuyu salamu ni ugonile, yaani umelala? na jibu ni ndaga basi yameisha. Miaka minne ndaga yangu ilikuwa ya uongo.

Na kitu cha ajabu, huo mguu unaopiga kelele usiku kucha bila kuguswa, ukiguswa kweli unanyamaza. Julai 2021 nimekaa karibu na jiko la mkaa napasha miguu, naongea na simu, nikasikia harufu ya kandambili inaungua. Harufu ndo ilinishtua, mguu haukusema kitu. Kidole cha mwisho kilitoka lengelenge nikakiuguza miezi miwili. Kwaiyo mtu akiniambia "vumilia mama ni maumivu tu" huwa namwangalia tu, sio maumivu tu, ni waya ulioharibika unaopeleka taarifa za uongo na kuficha za kweli.

Sasa dawa.

Nilianza kama wote, duka la dawa. Haya maduka ya dawa muhimu yalianzia huku huku kusini, Ruvuma, 2003, na yametuokoa sana, sitaki nisikike kama nataka yafungwe. Ila kila nikienda napewa diklofenaki na sindano za vitamini B, zile watu wanaita sindano za neva, yaani za mishipa ya fahamu. Diklofenaki ni ya viungo vilivyovimba, maumivu ya neva haina habari nayo, na mimi mwenye sukari figo zangu ndo zilikuwa zinalipia. Hizo vitamini nazo, kumbe B6 ikizidi sana kwa muda mrefu inaharibu neva yenyewe! Na B12 ambayo kweli ningeweza kuwa nimepungukiwa, kwasababu metformini, hii dawa yetu ya sukari, ukiimeza miaka mingi inaishusha, na ikishuka inaleta ganzi na kuwaka hivi hivi, hiyo hakuna aliyewahi kunipima. Nilichomwa kwa kubahatisha, ikaishia hapo.

2022 nikafika hospitali moja, sitaitaja, hapa sio mahakamani. Nikaandikiwa gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, kidonge kimoja cha miligramu 300 usiku, "utarudi kuchukua". Nimerudi kuchukua mara 14, nimehesabu kwenye kadi. Kila mara mtu mwingine, kila mara umekuja na kadi, sukari asubuhi ilikuwa ngapi, presha, haya nenda dirishani. Mara 14 hakuna aliyesema vua viatu mama nione. Mara 14 hakuna aliyeuliza ile dawa vipi. Na kuna miezi hela ya hivyo vidonge ilikuwa inapita kodi ya meza yangu sokoni, kwaiyo sio swali dogo.

Mi kazi yangu ni vipimo. Mteja akija nampima bega, kifua, kiuno, naandika kwenye daftari, akirudi kujaribu nguo ikimbana nampima upya, siwezi kumwambia vaa hivyo hivyo utazoea. Ndo nikasema ngoja na mimi nijipime. Nikachukua daftari la wateja nikalianzia nyuma, kila usiku naandika namba, sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni kulia, na pembeni naandika nimelala saa ngapi. Siku 60 za gabapentini wastani ulikuwa 7. Alafu hela ikakata nikakaa wiki mbili bila dawa, namba ikawa 7 (msiige kuacha ghafla, dawa za hivi zinatakiwa kupunguzwa taratibu, mi nilifanya kwa ukata sio kwa ujanja).

Nilikasirika sana. Yaani mwaka na zaidi namlipia mtu 7 ambayo ningeipata bure.

Mtoto wa dada yangu anasoma uuguzi, akaja likizo nikamwonyesha daftari, akacheka kwanza, alafu akaenda kusoma. Alichokuja nacho kilinishangaza mara mbili. Kwanza, kwenye tafiti walizopima hii gabapentini kwa maumivu ya neva dozi ilikuwa miligramu 1200 kwa siku kwenda juu, inaanzwa chini inapandishwa pole pole, na mwenye figo mbovu anapunguziwa. Mimi nilianzishwa pale chini nikaachwa pale pale. Ni kama umeagiza suti fundi akakupa kola, alafu ukavaa kola mwaka mzima ukijiuliza mbona baridi haiishi.

Cha pili ndo kiliniumiza na kunipoza kwa wakati mmoja. Hata kwa hiyo dozi kamili, kwenye watu kumi wenye maumivu ya neva ya sukari kama wanne ndo wanapata nafuu ya nusu au zaidi. Wanne. Na wale waliopewa kidonge cha bandia kisicho na dawa ndani, kama wawili kati ya kumi nao wanapata hiyo nafuu. Kwaiyo ukipiga hesabu ya sokoni, kati ya sisi kumi tuliokaa kwenye benchi la kliniki dawa yenyewe kwa nguvu zake inawainua wawili hivi, wawili wangeinuka hata kwa cha bandia, wengine sita tunameza na hatufiki hiyo nusu. Hilo mimi sio tatizo langu, dawa haina lazima ya kumfaa kila mtu, hata kitambaa kizuri kuna mwili kinaukataa. Tatizo langu ni kwamba kujua mimi ni yupi kati ya wale kumi kuna njia moja tu, kuniuliza! Hakuna mashine ya hilo wala damu ya kutoa, ni mdomo tu.

Mwaka uliofuata nikapata daktari kijana, huyo aliniangalia usoni, akapima figo akapandisha gabapentini mpaka miligramu 900. Namba ikashuka mpaka 6. Kizunguzungu nacho kikaja, miguu ikavimba, nikawa nashindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikamshonea mtu mkono wa kushoto upande wa kulia. Nikamwambia hii kwangu hapana. Akasema sawa mama tushuke taratibu tujaribu nyingine. Hiyo sentensi, Mheshimiwa, nilitaka kumkumbatia.

Nyingine ni amitriptilini, miligramu 25 usiku. Hapa na mimi nimegawanyika nisikudanganye. Kwanza nilivyosoma karatasi ya ndani nikakuta ni dawa ya sonona, ya tangu 1961, nikajua wameniona kichaa, nusu niirudishe. Hakuna aliyeniambia kwamba kwa dozi ndogo inatumika kutuliza neva, dakika mbili tu za maelezo zingetosha. Nikaimeza kwa hasira. Baada ya wiki nne daftari linasema maumivu 6, wakati mwingine 5 na nusu, sio ushindi wa kupigia vigelegele. Ila kwenye usingizi nilitoka masaa mawili matatu nikafika matano. Mdomo unakauka kama nimekula unga, asubuhi kichwa kizito, choo kigumu. Mume wangu anasema dawa inafanya kazi sana siku hizi huna hasira, kumbe anapimia masikio yake yeye.

Sasa hiyo ni kusaidia au sio kusaidia? Maumivu yapo, ila mtu aliyelala masaa matano anayabeba tofauti na aliyekesha. Nimeamua kuendelea nayo kwa sasa. Lakini nimeamua mimi, kwa namba zangu, najua nalipa nini napata nini. Ile gabapentini nilikuwa naimeza kama sadaka.

Na usinione nasema ya miguu yangu tu. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini watu wenye miguu kama yangu sio wa sukari peke yao. Utafiti wa taifa wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, hapa kwetu 9.6, na virusi vyenyewe vinaharibu neva. Kuna waliotumia stavudini miaka ile ya mwanzo ya ARV, dawa iliwaokoa roho ikawaachia miguu ya moto, mpaka Shirika la Afya Duniani likasema iondolewe. Kuna wa kifua kikuu, dawa yao ya isoniazidi bila B6 inakula neva. Kuna wazee waliopona mkanda wa jeshi ngozi ikapona maumivu yakabaki mbavuni. Sasa sikia hii, hiyo amitriptilini ninayoisifia nusu nusu, ilipopimwa kwa watu wenye maumivu ya neva ya VVU haikukizidi kidonge cha bandia. Kwaiyo mtu wa meza ya pili yangu anaweza kuwa anameza dawa ile ile, anakauka mdomo ule ule, na hapati kitu. Akisema haimsaidii anaambiwa hanywi vizuri.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya kwenda bungeni. Kwenye kadi ya kliniki pale panapoandikwa presha na sukari, muongeze kamstari kamoja, maumivu ngapi kwa kumi na umelala masaa mangapi. Mtu akianzishwa dawa ya neva aandikiwe na tarehe ya kuulizwa, wiki sita au nane, dozi ipandishwe, na kama haijasaidia ishushwe iachwe, kuacha dawa isiyosaidia nako ni matibabu, kwanini daktari aone aibu? Na tuambieni ukweli tangu siku ya kwanza kwamba hizi dawa hazirudishi neva, zinapunguza kelele, na kwa wengi hazipunguzi sana. Tutaelewa. Mtu anayejua bei ya kitambaa hawezi kushindwa kuelewa wanne kwa kumi.

Na viatu tuvuliwe. Kuna kipimo cha uzi wa nailoni mgumu umeshikizwa kwenye kijiti, mgonjwa anafumba macho, unaukandamiza nyayoni mpaka unapinda, ukipinda ni nguvu ya gramu 10, anasema ameusikia au hajausikia. Uzi! Mimi nimekaa na nyuzi miaka 22 na hakuna aliyewahi kunigusisha mmoja mguuni, kidole changu kisingeungua. Hawa wa metformini wa miaka mingi wenye ganzi, mkiweza, muwapime na B12 kabla ya kuwarundikia vidonge vingine. Na wale mabinti wa maduka ya dawa wakiitwa semina waambiwe miguu inayowaka sio ya diklofenaki, mtu apelekwe kituo cha afya.

Kliniki yangu ni Jumanne ya pili ya mwezi, huwa nakaa benchi la dirishani kwasababu ya upepo kwenye miguu. Ukipita uliza fundi wa Mwanjelwa, daftari nitakuwa nalo, lina jalada la kijani, fungulia nyuma, huko mbele ni vipimo vya sare za kwaya.