Mheshimiwa Waziri, tuambieni mbegu za ukungu hewani ni kiasi gani

Mheshimiwa Waziri wa Afya, salaam na heshima zote kwako.

Naandika nikiwa nimeketi kitandani maana nikilala chali nakohoa. Juzi usiku baada ya ile mvua ya upepo niliamka saa tisa kifua kimebana, nikapuliza kile kipimo changu cha pumzi, siku nzuri napata 430, safari hii mshale ukagomea 240. Nikarudia, 230. Inhela mara nne ndo nikaweza kumaliza sentensi. Na mchana kutwa nilikuwa mzima kabisa.

Nina pumu na aleji ya fangasi, yaani ukungu wa kuota, si ule wa asubuhi, nilipopimwa ngozi mkono ulivimba kwenye tone la Alternaria na la Cladosporium, aina mbili za fangasi hao, daktari akanieleza mbegu zake zinapeperuka na upepo, mwenye aleji akizivuta njia za hewa zinavimba na kubana, pumzi inashuka. Za Aspergillus, aina nyingine, ndo ndogo mno, mikroni 2 hadi 3, zinafika mpaka chini kabisa ya mapafu. Mimi nahisi mvua ile ndo iliyozirusha, lakini nitajuaje?

Hapo ndo nina shida na wewe Mheshimiwa. Mwaka jana ulisimama mbele yetu wagonjwa wa pumu ukasema kabla ya msimu wa mvua tutapata taarifa ya hewa kila asubuhi. Taarifa ipo, asante, ila inataja vumbi na moshi tu, ukungu hata neno moja hakuna. Na mtambo wa kunasa mbegu hizo si kitu cha jana, mwanasayansi Hirst aliutengeneza 1952, unavuta hewa, mbegu zinanata, mtu anazihesabu kwa hadubini. Melbourne, Australia, Novemba 2016 dhoruba iliamsha pumu za watu maelfu, 10 wakafa, sawa ile zaidi ilikuwa chavua ya nyasi, lakini mwaka uliofuata tu wakawa na mfumo wa kutoa tahadhari. Kwetu mpaka afe nani?

Siombi dawa ya bure. Nikijua leo ziko nyingi nitafunga madirisha, majani makavu atafagia mwingine, inhela haitoki mfukoni. Naomba idadi tu Mheshimiwa. Idadi, kila asubuhi, basi. Leo nimepuliza 310 na mawingu yameanza kujikusanya tena.