Ahsante kwa mwalimu mlezi wetu, Lamu

Bi Mwalimu, jina hukutaka litajwe. Shukrani zikufike hapo ulipo. Kipindi cha gredi ya tatu ni dakika 30, nawe ulikaa nyuma kimya tulipokuwa tukifundisha, ukichora ramani ya madawati, ukitia alama kwa kila mtoto aliyeulizwa swali. Alama zilirundikana mbele, pembeni patupu. Ndivyo inavyokuwa mwalimu akifuata mikono iliyoinuliwa. Dawa yako: uliza kwanza, nyamaza, hesabu hadi tatu kimoyomoyo, ndipo utaje jina. Ukilitaja mapema, wengine huacha kufikiri. (Kunyamaza ndiko kugumu!) Kisha mazungumzo nasi kuhusu kipindi siku iyo hiyo, lengo moja tu kwa wiki, na daftari la kuandika: nini hakikueleweka, na kwa nini. Mungu akujaze kheri.