Shukrani kwa dada wa Eastleigh, unajijua

Dada, ulinikataza nisitaje jina lako na sitalitaja, lakini kunyamaza nimeshindwa. Nilikuja Eastleigh, hapo Nairobi, na risachi yangu ya chuo, nataka kujua lile tangazo la serikali la Mei 2016, kwamba kambi ya wakimbizi ya Dadaab inafungwa na idara ya wakimbizi imevunjwa, liliwafikiaje watu wenyewe. Mimi nilikuwa na taarifa za magazeti tu, nyingi kweli, wewe ukaniambia hizo weka kando kwanza, ukafunga duka saa za biashara (nani anafanya hivyo siku hizi?) ukanikalisha na wale wazee, chai ya maziwa ya ngamia mezani, ukawa unatafsiri Kisomali sentensi kwa sentensi na mzee akikasirika unamwacha amalize ndio unanigeukia. Hapo ndio nikaelewa kwamba wengi walisikia redioni na kwa jamaa zao wakipigiana simu usiku, na hakuna aliyejua aende wapi kuuliza, sasa ofisi yenyewe si imeshavunjwa!

Na ile kesi ya Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, na tume ya haki za binadamu, iliyofanya Mahakama Kuu ibatilishe amri hiyo ya kufunga kambi Februari 2017, nilikuwa naiona mambo ya mawakili tu, kumbe kuna Wakenya wa kawaida mtaani waliosimama na majirani zao, wewe ukiwa mmoja wao, ingawa utabisha.

Asante sana dada. Nakala yako nimeiacha kwa yule jamaa wa M-Pesa, pitia uchukue.