Paneli za sola zimeshuka bei, vifaa na kibali bado

Mhariri,

Paneli zimekuwa rahisi kwa sababu viwanda vya China huzitoa kwa wingi mno. Sasa pesa inakwenda kwenye fremu za kushikilia paneli juu ya paa, nyaya, ufundi na kibali cha kufunga sola. Fremu za aluminiamu zinaweza kukatwa na kutobolewa hapa hapa Unguja na Pemba. Bolti ziwe za stenlesi. Za chuma cha kawaida huliwa na chumvi, na kusi ikivuma paneli hung'oka. Konekta nazo, yaani plagi za kuunganishia nyaya za paneli, ziwe za aina moja. Dume la kampuni moja kwenye jike la nyingine halikai sawa: hupata moto, plastiki huyeyuka, na chini yake pengine ni makuti!

Kuhusu kibali, nyumba yenye sola isiyozidi kilowati 5 itoshe fomu ya ukurasa mmoja: mchoro wa nyaya, kipimo cha ethi (waya wa ardhini), saini ya fundi mwenye leseni. Sharti moja lisilegezwe kabisa: inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani, ijizime yenyewe umeme wa gridi ukikatika, isije ikarudisha umeme kwenye nyaya za gridi na kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Mafundi wa umeme,
Chake Chake, Pemba